Damu ya Upande wa Mama

Mwanangu wa kiume alitahiriwa Jumamosi moja asubuhi, akiwa na miezi saba, katika zahanati ndogo ya huku kwetu Likoni. Kufikia adhuhuri nepi ya tatu ilikuwa imelowa damu. Mama mkwe wangu alikuwa uani akipakua pilau ya majirani waliokuja kutupongeza. Aliponiona nikitoka chumbani na ile nepi mkononi, alinijia haraka akaninong'oneza, "Funika, mwanangu. Watu wasione."

Nikafunika. Nilikuwa mwalimu wa chekechea, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikafunika nepi ya damu kwa leso yangu kwa sababu wageni walikuwa wanakula.

Tulirudi zahanati, wakamfunga upya, wakasema tusubiri. Tulisubiri mpaka alasiri. Midomo ya mtoto ikawa haina rangi, na kilio chake kikapungua hadi kuwa mlio mdogo tu wa kooni. Mume wangu alikuwa zamu bandarini. Alipofika alimtazama mtoto mara moja tu, akaita tuktuk.

Feri ilikuwa ndiyo kwanza imeng'oa nanga. Anayekaa Likoni anajua maana yake. Unasimama bandani na mamia ya watu, nyuma yako wamejaa, mbele yako ni geti lililofungwa, na maji, na mji uko pale ng'ambo unauona kwa macho. Nilikuwa nimembana mwanangu kifuani, nikihisi umajimaji wa moto ukipenya buibui. Mama mmoja aliyesimama karibu nami alifunua shuka, akatazama, akairudisha pole pole. Mume wangu alikwenda kuzungumza na askari, na feri iliyofuata ilipotia nanga tulipitishwa wa kwanza. Lakini zile dakika za kusubiri mimi sikuzimaliza siku ile. Mpaka leo nikisimama pale geti likiwa limefungwa, mikono yangu huanza kubana kitu ambacho hakipo.

Hospitali kubwa ya kisiwani walimtundikia chupa ya maji ya damu, yale ya manjano yanayosaidia damu kuganda. Muuguzi aliniuliza, "Kwenu kuna mtu anayevuja damu namna hii?"

"Hakuna," nikamjibu. Nilikuwa nasema kweli niliyoijua.

"Alipopigwa chanjo je, paja halikuvimba?"

Lilivimba. Lilivimba likawa gumu kama embe bichi, kwa wiki nzima, na nikaambiwa ni kawaida. Na alipoanza kutambaa, magoti na kifua vilijaa alama za rangi ya zambarau. Mama mkwe akasema ni kijicho, akamfunga hirizi. Jirani mmoja alidhani nampiga, naye aliacha kuniletea mwanawe nimwangalizie.

Siku ya tatu damu ikakoma. Majibu ya vipimo yalichukua wiki kadhaa. Tuliitwa mimi na mume wangu, tukakaa mbele ya daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Akatuambia ugonjwa unaitwa himofilia. Mwili wa mtoto hautengenezi vya kutosha kitu kimoja kinachogandisha damu. Hautaisha. Utamfuata maisha yake yote, na hatari yake kubwa haiko kwenye vidonda vya nje, iko ndani, kwenye magoti na vifundo na kichwa.

"Ameupata wapi?" mume wangu akauliza.

Daktari akachukua karatasi akachora. Alitueleza kwamba mwanamke ana kromosomu X mbili, mwanamume ana X moja na Y moja. Kasoro ya ugonjwa huu imekaa kwenye X. Mwanamke akiwa nayo kwenye X moja, ile nyingine nzima humfanyia kazi, kwa hivyo mara nyingi haugui, hata hajui. Lakini mtoto wa kiume anapewa X moja tu, na anapewa na mamake. Akipewa ile nzima, amesalimika. Akipewa ile yenye kasoro, hana nyingine ya kumsaidia.

"Kila mimba ya kiume ni nusu kwa nusu," akasema. "Na kila mtoto wa kike ni nusu kwa nusu awe mbebaji kama mama."

Mume wangu aliitazama ile michoro kwa muda. "Kwa hivyo kwangu hakutoki kitu."

"Kwa ugonjwa huu, hapana. Baba hampi mwanawe wa kiume X. Humpa Y."

Nilimwona mabega yakishuka. Ni mtu mwema mume wangu, na sijawahi kumwambia kwamba niliona. Alipumua kama mtu aliyesikia jina lake halimo kwenye orodha. Kisha akanishika mkono, lakini mkono ulichelewa kidogo.

Tangu siku ile nikawa najua kitu kimoja ambacho hakina mlango wa kutokea. Kama ingekuwa nimemlisha vibaya, ningebadilisha chakula. Kama ingekuwa uchawi, watu wangesoma, wangefukiza, wangepata mtu wa kumlaumu. Lakini hii ilikuwa imo ndani yangu kabla sijazaliwa, na nilikuwa nimeshaitoa. Mama mkwe hakunigombeza hata siku moja. Alikuwa akiwaambia wageni kwa sauti ya upole, nikiwa jikoni nasikia, "Maskini mjukuu wangu. Si ya kwetu hiyo, ni ya upande wa mama." Alikuwa anasema kweli.

Wiki moja baada ya yale majibu nilikwenda kwa mamangu, mtaa wa Shika Adabu. Nilimkuta anachambua mchicha. Nikamweleza yote, nikamwonyesha na karatasi ya daktari. Hakuitazama. Aliendelea kuchambua mpaka majani yakaisha, akabaki na vikonyo mkononi.

"Nilikuwa na kaka mdogo," akasema. "Alikufa kwa tohara. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Siku mbili alivuja, nyanya yako akimpepea tu."

Sikuwahi kusikia habari ya mtoto huyo. Mjomba niliyemjua ni mmoja tu, yule wa Jomvu Kuu mwenye goti lililopinda, ambaye tulipokuwa wadogo tuliambiwa alianguka.

"Na mjomba?"

"Mjombako alizaliwa baadaye. Nyanya yako alikataa asiguswe na mtu. Alikwenda kwa sheikh, sheikh akamwambia penye hofu ya kifo hapana lawama. Lakini watu hawaambiwi mambo hayo. Likafichwa. Hajatahiriwa mpaka leo, wallahi, na nakwambia wewe peke yako."

"Mama," nikasema, "ulikuwa unajua. Ulijua, na Jumamosi ile ulikuwepo ukila pilau."

Hapo ndipo alipolia. "Kakako alitahiriwa hapa hapa nyumbani, hakuvuja ila matone. Nikasema Alhamdulillahi, limekwisha. Nikasema lilikuwa la kwetu la zamani, limezikwa na nyanya yako. Na ningesema vipi? Ningewaambia wakwe zako siku ya posa? Nani angekuoa?"

Nilitaka kumkasirikia mpaka mwisho, na sikuweza. Kaka yangu alipata ile X nzima kwa bahati tu, na ile bahati ndiyo iliyomdanganya mama. Kama kaka angeumwa, mimi ningeonywa.

Miaka iliyofuata niliacha kazi ya ualimu. Hakukuwa na namna. Tulikuwa tunakaa Bofu, huku huku Likoni, nyumba ya vyumba viwili yenye ua wa saruji, nami nikaugeuza mahali pa kumtunzia mtoto mmoja asiguse kitu. Nilikata miguu ya kitanda tukalala karibu na sakafu. Nilifunga vipande vya godoro kuukuu kwenye pembe za meza na za ngazi ya mlangoni. Nilimvalisha suruali nilizozitia pamba magotini. Dada yake, aliyemzidi miaka saba, alikatazwa kurusha mpira, kukimbia, kumbeba kwa ghafla. Hata dawa ya maumivu ya kawaida niliiogopa, maana nyingine huzidisha kuvuja. Mlango wa nje niliufunga kwa kufuli, na ufunguo nikautia kwenye kamba nikauvaa shingoni.

Siku zikawa zinafanana. Asubuhi nampapasa viungo vyote kimoja kimoja nikitafuta joto. Jioni tena. Katikati, namsikiliza. Nikiwa bafuni nasikiliza. Nikisali nasikiliza. Kuna mchana mmoja, alikuwa na miaka mitano na kitu, alisimama dirishani amezishika nondo, anatazama watoto wenzake wakicheza mpira nje. Akaniuliza bila kugeuka, "Mama, mimi nilifanya nini?"

Nikamwambia hakufanya kitu.

"Na wewe? Wewe ulifanya nini?" Kwa sababu alikuwa ameona kwamba na mimi pia sitoki.

Mwezi huo huo nilimpeleka kwa mjomba, Jomvu Kuu. Nadhani nilitaka kumwona mtu mzima mwenye ugonjwa ule, nijue kama inawezekana kufika huko. Anaishi katika nyumba ya marehemu nyanya, nyuma ya msikiti, karibu na mikoko. Kazi yake ni kushona kofia za mkono, na ni maarufu kwa kofia zake, japo watu humcheka kwamba huvaa subana, kile kifuniko cha kukinga kidole na sindano, kwenye vidole viwili badala ya kimoja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ndoo, mwanangu, ndoo ukae kitako." Akamtazama mtoto. "Na huyu ndiye mwenzangu?"

Mama alikuwa ameshamwambia. Akamwita mtoto karibu, akampandisha suruali, akamshika goti kwa viganja viwili, kisha akampa goti lake mwenyewe alishike. Mtoto alilishika lile goti lililokauka kama kifundo cha muwa, akacheka kwa sababu halikunjiki.

"Kabla halijavimba," mjomba akaniambia, "litamtekenya kwa ndani. Atakwambia, mama, lanitekenya, nawe hutaona kitu. Mwamini. Hapo damu ishaanza." Hakuna daktari aliyekuwa ameniambia hivyo.

Tulikula wali na samaki wa kupaka. Mtoto akalala mkekani. Mjomba akachukua kofia yake akaendelea kushona, halafu akauliza, "Huyo daktari wako amesema jambo hili latoka wapi?"

Nikatoa ile karatasi, nilikuwa natembea nayo kwenye pochi. Nikamweleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wa chekechea, kwa kidole, kutoka kwa nyanya kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kuja kwangu. Nikamwonyesha yeye yuko wapi na marehemu kaka yake yuko wapi. Kusema kweli nilijisikia vizuri. Ilikuwa muda mrefu sijafundisha.

"Na mimi je?" akauliza.

"Wewe ulipewa na nyanya."

"Siulizi hilo. Naulizia wanangu. Lau ningezaa."

Ningeweza kusema sijui. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Lakini nilikuwa najua, na nikasema upesi, kwa furaha ya mwalimu mwenye jibu. "Wanao wa kiume wasingekuwa nalo. Wewe ungewapa Y, na kwenye Y halipo. Wa kike ndio wangelibeba, kama mimi, lakini wao wenyewe wengi wao hawaumwi."

Aliacha kushona. "Wa kiume wasingekuwa nalo."

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mjomba."

Akavua subana moja, kisha ya pili, akaziweka juu ya mkeka.

"Palikuwa na mwanamke hapa hapa Jomvu," akasema. "Alinikubali. Goti alilijua, na lile jingine alilijua, nilimwambia mwenyewe. Akasema yeye hajali, tutaishi. Mimi ndiye niliyekataa. Nikamwambia, nilimwona mamangu akitembelea kaburi la kitoto cha kiume kila Ijumaa, sitaki na wewe utembelee la mwanangu." Akainama, akaanza kusugua goti lake, si kwa maumivu, kwa mazoea. "Alingoja miaka minne. Kisha akaolewa Changamwe."

Nikasema, "Mjomba, hukujua. Hakuna aliyejua."

"Sikuuliza," akasema. "Nilikaa humu ndani nikiogopa, nikaona kuogopa ndiko kujua."

Tulipoondoka aliniomba ile karatasi nimwachie. Njia nzima ya kurudi nilijilaumu. Mtu alikuwa amekwisha kuzoea chumba chake, miaka hamsini na kitu, mimi nikaja kumwambia mlango haukuwa na kufuli. Kwa faida gani? Nilimpigia simu wiki ile hakupokea. Nilimpigia wiki iliyofuata hakupokea. Mama alikwenda kumwona, akarudi akasema anakula vizuri ila hashoni.

Ilipita miezi miwili, karibu na mfungo, ndipo akanipigia yeye.

"Nimekwenda kumwambia," akasema.

"Nani, mjomba?"

"Yule mwanamke. Mumewe alishakufa, ana wajukuu. Nimempelekea ile karatasi."

Nilikaa chini. "Akasemaje?"

"Alicheka kwanza. Kisha akalia. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa sijala."

Sijui kama kuna zaidi ya hapo, na sikuuliza. Najua alianza tena kushona. Najua pia alikubali, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kuja hospitali kisiwani kumwona yule daktari. Goti lilikuwa limeshachelewa, lakini kiwiko chake cha kulia, kilichokuwa kimeanza kukaza, walimchoma dawa ya kugandisha damu na kikalegea kwa siku chache. Alikuwa anakikunja na kukikunjua pale kwenye benchi kama mtoto aliyepewa kitu kipya. Halafu dawa ikawa haipatikani kwa muda, na kikakaza tena.

Ndivyo ilivyo. Dawa ikiwepo, mwanangu ni mtoto kama wengine. Isipokuwepo, tunarudi kwenye barafu na kulala chini. Sasa ana miaka tisa. Daktari alinifundisha kumchoma mwenyewe nyumbani, kwenye mshipa, na mara ya kwanza niliutafuta mshipa muda mrefu mpaka mume wangu akatoka nje. Anakwenda shule. Mlango siufungi tena kwa kufuli, ingawa ule ufunguo nilikaa nao shingoni mwaka mzima zaidi baada ya kuacha kuutumia. Goti lake la kushoto limeanza kupoteza mkunjo. Aliponiambia linamtekenya nilimwamini, kila mara, isipokuwa mara moja nilipokuwa na haraka, na ile mara moja ndiyo iliyoliharibu.

Sikuzaa tena. Mume wangu hakusema tuzae wala tusizae. Aliacha tu kulitaja jambo hilo. Mama mkwe hulitaja kwa njia yake. Kuna binti wa jamaa zao ambaye husifiwa sana nikiwa karibu, afya yake, kaka zake wanne wenye nguvu. Mume wangu huinuka akaenda kuoga mazungumzo yakifika hapo. Hajaoa mke wa pili. Nami nimekaa katika ndoa ambayo sijafukuzwa na sijahakikishiwa, na kila mwezi hedhi ikichelewa siku mbili nashindwa kula.

Mwaka huu binti yangu ametimiza miaka kumi na sita. Hedhi yake ilikuwa nzito mno, siku tisa, siku kumi, shuka mbili kwa usiku. Hapo ndipo nilipofunguka macho kwamba wanaobeba nao huweza kuvuja, na mimi mwenyewe nilivuja hivyo nikadhani wanawake wote ndivyo walivyo. Nikamwambia kuna kipimo. Nikamwambia si lazima. Akasema anataka.

Ni mbebaji. Alipoambiwa, alimuuliza daktari maswali matatu ambayo alikuwa ameyaandika kwenye daftari la shule, akaandika na majibu, akafunga daftari. Mimi ndiye niliyelia, naye akanipa kitambaa.

Tulipofika nyumbani mama mkwe alikuwa barazani. Miaka imemlainisha. Siku hizi yeye ndiye humshikia mjukuu wake barafu gotini na kumhadithia visa mpaka maumivu yapungue. Akauliza, "Wamesemaje?"

Nilimtazama binti yangu. Akaelewa.

"Basi, mambo haya yaishie humu humu," akasema kwa sauti ya chini, akinitazama mimi. "Msichana huyu si wa kutangazwa. Ataolewa na nani?"

Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa niseme ndiyo, mama. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Binti yangu aliyekuwa anavua viatu mlangoni akasema, bila ukali wowote, "Bibi, atakayekuja nitamwambia mwenyewe."

"Na akikimbia?"

"Atakimbia mapema."

Mama mkwe akanitazama akitaka nimsaidie. Sikumsaidia, wala sikumuunga mkono binti yangu. Nilijua siku atakapomwambia mtu maneno yale, mimi nitakuwa chumba cha pili nimesimama, sikio mlangoni. Aliingia ndani akabadilisha sare. Baada ya muda nikamsikia akimwita nduguye aje amwonyeshe goti, na yule mvulana akamjibu kwamba leo haliumi, amwache.